Ng'ombe Aliyekatwa Mwishoni mwa Mstari

Mwanzoni nilidhani ananitania. Mwalimu aliingia kwenye steshenari yangu pale Mbinga mjini, akaitikia shikamoo yangu haraka kuliko kawaida yake, akaweka juu ya kaunta zile kurasa nilizomchapia wiki mbili nyuma, akauliza, "Binti, nani kamchinja ng'ombe wangu?"

Nikazivuta kurasa. Kalamu nyekundu ilikuwa imepita kila mahali. Mwalimu alistaafu kufundisha shule ya msingi miaka mingi iliyopita, lakini mkono wake haukupewa taarifa. Hata tangazo la mnada likibandikwa ukutani hulisahihisha. Safari hii hakuwa na kosa. Mwishoni mwa mstari wa tatu kulikuwa na herufi mbili na ritifaa, *ng'*, zimekaa peke yake. Mstari wa nne ukaanza na *ombe*.

"Kichwa kimebaki huku," akasema, akifuata kwa kidole, "kiwiliwili kimeenda kule. Ukurasa wa pili amekatwa tena. Ukurasa wa nne mara mbili. Mimi nilikuletea ng'ombe mmoja, wewe umenirudishia bucha."

Wateja wawili waliokuwa wakisubiri kudurufu vyeti vyao wakacheka. Mimi nikaona aibu, kwa sababu kuchapa ndiyo kazi yangu na huwa najisifu nayo. Nachapa barua za maombi ya kazi, mihtasari ya vikao vya ushirika wa kahawa, ratiba za ibada na kadi za harusi. Kompyuta ni ya mtumba. Fundi aliyeifufua aliondoa programu ya kuchapia iliyokuwemo, ambayo ilikuwa ya wizi na kila asubuhi ilinikumbusha hivyo, akaniwekea nyingine ya bure. "Hii ni programu huria," akaniambia. "Imeandikwa na watu wa kila nchi, wengi wanajitolea. Ikikusumbua, kuna ukumbi wao kwenye mtandao, nenda ukawaambie."

Ukumbi huo niliupenda kabla ya kuwa na shida nao. Wakati wa mvua, wateja wakipungua, nilikuwa naufungua na kusoma tu, kama mtu anayesikiliza ugomvi wa majirani kupitia ukuta. Hitilafu wao huiita mdudu. Mtu analeta mdudu wake, mwingine anasema huyo si mdudu, ndivyo tulivyokusudia, wa tatu anasema mdudu huyo aliletwa na mwenzake tangu zamani na amesahauliwa. Niliwaona wakibishana wiki nzima kuhusu kitufe kimoja, kama kikae kushoto au kulia. Walibishana kwa adabu kubwa na hasira kubwa, vyote pamoja, na nikajisemea kwamba hawa wangefaa sana kwenye vikao vyetu vya ushirika.

Mwalimu naye nimweleze. Ni Mmatengo wa Kitura, kule milimani. Alipokuwa kijana alipangiwa kufundisha Ngumbo, chini kando ya ziwa, akaoa huko, na huko ndiko alikobaki. Lakini kahawa ya urithi iko Kitura, kwa hiyo kila baada ya wiki mbili hupanda milimani kuiangalia, na akipita mjini huniachia daftari la maisha yake, sura moja moja, nimchapie kwa ajili ya wajukuu. Mwandiko wake ni mzuri kuliko herufi zozote nilizonazo kwenye mashine.

Siku ile nilimrekebishia ng'ombe kwa mkono, mmoja mmoja. Akasoma, akaridhika, kisha akaongeza sentensi moja ukurasa wa kwanza. Mistari yote ikasogea, na ng'ombe wakakatika mahali pengine. Wakati huu *ng'ambo* nayo ikakatika, na *kung'ang'ania* ikaangusha *ania* yake mstari wa chini.

"Waandikie wenye hiyo programu," Mwalimu akasema.

"Haina mwenyewe, Mwalimu. Ni ya wote."

"Ya wote," akarudia, kwa sauti ya mtu aliyewahi kuona hali ya ufagio wa shule. "Basi waandikie hao wote."

Nikawaandikia. Kiingereza changu ni cha sekondari ya kata, na mfano wa barua ya heshima niliokuwa nao kichwani ni ule wa serikali. Kwa hiyo nikaanza na "Tafadhali rejea kichwa cha habari hapo juu," nikaeleza kwamba mimi ni mchapaji mkazi wa wilaya ya Mbinga, kwamba ng'ombe anakatwa katikati bila sababu ya msingi, na kwamba jambo hili linarudisha nyuma juhudi za wazee wetu. Nikamaliza na "Wako katika ujenzi wa taifa." Nilipoisoma tena nilijivunia sana.

Jibu lilikuja siku ya tatu. Aliyejibu ni mmoja wa wasimamizi wa ukumbi, mtu wa maneno machache. "Asante. Taifa gani? Nimechapa neno lako mara ishirini, halikukatika. Eleza hatua kwa hatua ulichofanya, na uambatanishe faili lenye tatizo." Juu ya taarifa yangu akabandika alama inayosema haijathibitishwa.

Mwalimu alipofika nikamsomea. Akavua miwani.

"Haijathibitishwa? Miaka yote niliyofundisha hakuna mtu aliyewahi kuniambia ng'ombe wangu hajathibitishwa."

"Wanataka kuona faili, Mwalimu. Ila likishawekwa pale, mtu yeyote duniani anaweza kulisoma. Nikate aya moja tu?"

"Kwa aya moja mtu atafahamu nini? Mtu hawezi kumwelewa ng'ombe bila kujua alikotoka. Peleka sura nzima."

Nikapeleka sura nzima. Ilikuwa sura ya mahari. Kwa ufupi ilisema hivi: Mwalimu kijana alimtoa ng'ombe nyumbani kwao milimani, akatembea naye siku kadhaa mpaka Ngumbo kumpeleka kwa baba mkwe. Walipofika ufukweni ng'ombe, ambaye hakuwa ameona maji mengi kuliko ya kijito, alikata kamba, akaingia ziwani na kuanza kuogelea kuelekea ng'ambo. Watu wakapiga kelele. Mwalimu akajitosa, akapambana na mawimbi, akamshika pembe na kumrudisha. Baba mkwe alipoona ushujaa ule, akamkabidhi binti yake papo hapo. Nilipoichapa mara ya kwanza nilisisimka kweli.

Aliyemgundua mdudu ni mwanamke mmoja wa Ureno. Aliandika kwamba msimamizi hakuona tatizo kwa sababu alichapa ritifaa iliyonyooka, wakati programu yenyewe, ukiiachia, huigeuza iwe ile iliyopinda. Ikishapinda, programu inaiona kama alama ya kufunga usemi. Kwa hiyo inadhani mtu amemaliza kusema *ng*, neno limekwisha, na *ombe* ni neno jingine linaloweza kwenda popote. Nilisoma maelezo yale mara tatu, nikainuka, nikatoka nje kupunga upepo. Nilikuwa nimeishi na ritifaa maisha yangu yote na sikuwahi kujua kama ina tabia mbili.

Chini ya maelezo hayo aliongeza: "Samahani, hili si la kiufundi. Nilipitisha sura hii kwenye mashine ya kutafsiri ili nijue maneno yanaanzia wapi, nikajikuta nimeisoma mpaka mwisho. Kwa mujibu wa tafsiri yangu, huyu bwana alimwoa ng'ombe. Nadhani kuna kosa mahali. Lakini je, ng'ombe alipona?"

Msimamizi akaandika: "Tubaki kwenye mada."

Siku mbili baadaye msimamizi huyo huyo akaleta maelezo marefu kuhusu sheria za kukata maneno ya lugha mbalimbali, na mwisho kabisa, kama mtu anayeuliza huku ameshafungua mlango wa kutoka, akaandika: "Ng'ombe wa huko kwenu kwa kawaida wanajua kuogelea?"

Mwalimu aliposikia haya alibadilika. Alianza kupanda kutoka Ngumbo kila wiki, na kahawa ya Kitura haijawahi kutembelewa vile. Alikuwa akikaa kwenye kiti cha wateja, mikono juu ya magoti, ananitajia majibu nami natafsiri. Ng'ombe alipona, ndiyo. Aliishi miaka mingi akazaa. Mawimbi siku ile yalikuwa makubwa. Wiki iliyofuata mawimbi yakawa makubwa zaidi. Wiki ya tatu akataka niongeze kwamba alikuwa amembeba ndama begani, nikamwuliza ndama katoka wapi, akasema, "Basi acha ndama."

Kisha akaanza na maombi yake. Aliwaomba waundaji waweke kitufe cha kusahihishia kwa wino mwekundu halisi. Aliomba programu isikubali kufuta ukurasa mpaka imuulize mtu mara tatu, mara ya tatu kwa ukali. Aliomba pia ikatae kufungua barua isiyoanza na salamu. Msimamizi akajibu kwa uvumilivu kwamba kila ombi lifunguliwe peke yake, lipewe kichwa chake na sababu zake.

"Yaani nijaze fomu tatu," Mwalimu akasema. "Watu wa ofisi ni walewale dunia nzima." Lakini alifurahi, na fomu tatu tukajaza.

Akaniomba nimchapie mazungumzo yote kwa Kiswahili. Yakatoka kurasa kumi na kitu. Akazibana, akazibeba mpaka Ngumbo, na nilivyokuja kusikia alikuwa akizisoma kwa sauti barazani kwake kila jioni, majirani wakisimama kusikiliza Wazungu wanavyomshangaa. Kosa lake lilikuwa hilo. Barazani kwake mkewe naye yupo.

Wiki iliyofuata mlango wa steshenari ulifunguliwa na mwanamke mfupi, mwenye kitenge kilichofungwa barabara na mfuko wa usipa mkavu, dagaa wa ziwani, mkononi. Mwalimu alikuwa nyuma yake, amebeba mwavuli wa mkewe.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Wewe ndiye unayeongea na Wazungu?"

"Ndiyo, Bibi."

"Usipa huu ni wako. Kaa uandike."

Nikakaa. Yeye hakukaa.

"Huyu," akamwonyesha mumewe kwa kidevu, "ni mtu wa milimani. Mpaka leo akioga ziwani, maji yakimfika magotini anaanza sala."

"Si magotini," Mwalimu akasema.

"Mapajani basi. Siku hiyo nilikuwa ufukweni naanika usipa. Nikasikia kelele. Nikageuka, naona ng'ombe ameingia majini, anaburuta kamba, anakwenda. Na huyu amesimama na viatu vyake vya ualimu, anamwita ng'ombe kama anamwita mwanafunzi mtoro. 'Rudi hapa! Rudi hapa mara moja!' Nani kamwambia ng'ombe anasikia Kiswahili cha darasani? Wanaume wanakimbilia mitumbwi. Mimi nikajifunga khanga, nikaingia. Nikaogelea, nikashika kamba, nikamgeuza taratibu mpaka akapata mchanga. Andika hivyo. Mahari yangu niliivua mwenyewe ziwani."

"Na mimi niliingia," Mwalimu akasema kwa sauti ndogo.

"Uliingia mpaka wapi?"

Mwalimu akaanza kukunja mwavuli.

"Mimi nilivua ng'ombe," mkewe akasema. "Wewe ulivua viatu."

Niliinama kwenye kibodi ili wasinione uso. Nikaandika yote kama alivyosema, isipokuwa lile la viatu, ambalo lilinitesa nusu saa kwa sababu Kiingereza hakina kitenzi kimoja cha kazi zote mbili. Mwishowe nikaweka maelezo chini. Bibi akanitaka nimsomee kwa Kiswahili nilichoandika, akatikisa kichwa kuridhika, akaenda sokoni kutafuta maharage ya milimani.

Mwalimu akabaki. Akafuta miwani kwa pindo la shati, ingawa haikuwa na uchafu wowote.

"Unajua ilikuwaje?" akasema hatimaye. "Baba mkwe hakuwepo ufukweni. Alifika baadaye, akanikuta nimeshika kamba, nguo zimelowa. Mke wangu alikuwa amenikabidhi kamba na kwenda kubadili khanga. Mzee akauliza, 'Ni wewe umemtoa?' Nikasema ndiyo. Neno moja tu. Akanishika mkono mbele ya watu." Akavaa miwani. "Waliokuwepo walijua. Mke wangu alijua. Hakuna aliyefungua mdomo mpaka mzee anazikwa. Sasa nilipoketi kuandika, nikaona ile *ndiyo* imeshakomaa, nikaiandika ilivyo."

Nikamwuliza kwa nini mkewe ameamua kusema sasa.

"Nilimuuliza swali hilo hilo njiani. Akasema baba yake alikufa akiniheshimu na hilo linatosha. Lakini hawa Wazungu hawana binti wa kumwoza mtu, kwa nini wadanganywe?"

Siku iliyofuata kule ukumbini wakaja wengi, hata watu ambao sikuwahi kuwaona wakiandika. Mwanamke wa Ureno alisema kwamba alikuwa ameanza kushangaa mawimbi yanavyokua kila wiki. Msimamizi, mtu wa maneno machache, aliandika: "Naona taarifa hii ina wadudu wawili. Wa kwanza ni wetu, tumeshamtengenezea kiraka, kinajaribiwa. Wa pili yuko kwa mwandishi." Kisha akaiondoa ile alama ya mwanzo na kuandika kwamba imethibitishwa na shahidi.

Nilimsomea Mwalimu nikitegemea atakasirika. Alisikiliza mpaka mwisho, akaomba nimchapie ile sura kwa nafasi kubwa kati ya mistari. Akaenda nayo Kitura. Aliporudi, wino mwekundu ulikuwa mwingi kuliko kwenye kazi yangu yoyote aliyowahi kuisahihisha. Alikuwa amejisahihisha mwenyewe bila huruma, pembeni ameandika "Si kweli" mahali pawili, na kwenye ile aya ya mawimbi ameandika "Chumvi." Aya mpya ilikuwa fupi. Ilisema kwamba alisimama ufukweni, kwamba aliogopa, kwamba msichana aliyekuwa akianika usipa aliingia majini, na kwamba alipoulizwa alisema ndiyo. Niliichapa polepole. Ni kazi nzuri kuliko zote alizoniletea, na nilimwambia hivyo. Akasema nisimsifu, nimtazamie nukta zake.

Toleo jipya la programu lilitoka majira ya kuchuma kahawa, wakati mji mzima unanuka maganda na hakuna mwenye muda. Nililipakua kwa bando la simu kutwa nzima, mtandao ukikatika kila niliposogea dirishani. Lilipokaa sawa, nikafungua sura ya mahari, nikapunguza pambizo, nikaongeza, nikabadilisha ukubwa wa herufi, nikamsukuma ng'ombe mpaka mwisho wa kila mstari niliouweza. Hakukatika. Alikuwa akihama mzima mzima kwenda mstari wa chini. Kwenye maelezo ya toleo lile walikuwa wametaja walioripoti, na katikati ya majina mengi nikaliona langu, limeandikwa kwa usahihi. Nilimwita dada wa saluni ya jirani aje aone. Akaangalia, akauliza, "Wamekulipa?" Nikasema hapana. Akauliza, "Sasa unacheka nini?"

Nakala nilizipeleka mwenyewe. Lori la makaa ya mawe kutoka Ngaka lilikuwa limeharibika kwenye kona na kuziba njia, tukachelewa kidogo, lakini ni lami mpaka Mbamba Bay, na baada ya hapo vumbi na ziwa upande wa kushoto mpaka Ngumbo. Nilimkuta Mwalimu amevaa koti. Wajukuu walikuwa wamekalishwa kwenye mikeka, watoto wa Mwalimu na wake zao kwenye viti, na majirani walewale wa barazani wamesimama. Alisoma sura za utoto, wakasinzia kidogo. Alipofika kwenye ng'ombe akakohoa, akaondoka kwenye kiti, akampa mkewe kitabu na miwani.

Bibi alisoma kwa kidole, neno kwa neno, na barazani hapakuwa na anayesinzia tena. Alisoma aya ile yote ilivyoandikwa. Alipofika kwenye ile *ndiyo* alimtazama mumewe, naye akatazama chini, na nadhani wote wawili walikuwa mbali kidogo na sisi. Mjukuu mmoja wa kike akauliza, "Bibi, hukuogopa?"

"Niogope nini? Maji?" Akafunga kitabu, kidole bado kiko ndani. "Kilichonisumbua ni mamba."

Nikashtuka. Kwenye daftari, kwenye sura ile ya mwanzo, kwenye ile iliyosahihishwa, na katika mazungumzo yote ya ukumbini hapakuwa na mamba.

"Mkubwa?" mjukuu akauliza.

"Kama mtumbwi," Bibi akasema. "Alikuja kutoka upande huu. Mimi mkono mmoja kamba, mkono mmoja namwonyesha mamba kwamba nimemwona."

Mwalimu alifungua mdomo. Alinitazama mimi, akamtazama mkewe, akawatazama wajukuu waliokuwa wameshasogea mpaka miguuni pa bibi yao. Kisha akavuta sahani ya samaki aina ya mbasa iliyokuwa mbele yake, akachagua kipande kinono, akaanza kula.